Mpira wa Dirisha la Wazazi

Mpaka leo nikiona lango la makuti limesimamishwa barabarani kumpokea mgeni, kitu cha kwanza ninachoangalia ni limefungwa kwa kamba gani. Watu hudhani nasifia mapambo. Nakagua, na hasira yangu ya zamani inanipanda upya.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa mkunga katika zahanati moja upande wa Mzenga. Wodi ya wazazi ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana lisilo na wavu, na mbu waliingia watakavyo. Niliomba mpaka nikachoka kuomba. Hatimaye tukaletewa fremu za alumini za madirisha na mlango, na robota la wavu, lakini mpira wake haukuja. Fremu za namna ile hazipigwi misumari. Zina mfereji mwembamba pande zote. Unalaza wavu juu yake, kisha unaukandamiza ndani ya mfereji kwa uzi wa mpira. Bila mpira ule, wavu ni kitambaa tu.

Nikaenda Kibaha kuutafuta. Mtunza stoo mmoja akanitolea mwembamba, hata hakuniangalia.

"Chukua huo, dada. Mpira ni mpira."

Mpira si mpira! Nilikuwa nimebeba kipande cha fremu kikapuni, nikakiweka juu ya meza yake. Mpira wake uliingia kwa kidole, na nilipouvuta wavu kidogo tu, ukachomoka. Akaleta mnene, huo ukachana wavu kabla haujaingia. Nikamwambia siondoki. Waliokuwa nyuma yangu walipoanza kunung'unika, akaingia ndani akiguna, akarudi na wa katikati. Ule uligoma kwa kidole, ukakubali kwa mpini wa kijiko, na ukakaa. Nilirudi nao kwenye lori nimeupakata.

Wodini nilimkuta mama aliyejifungua mtoto mdogo mno, ambaye nisingethubutu kumruhusu aende naye nyumbani. Alikuwa ameshazika watoto wawili, wote kwa malaria. Mchana kutwa alimpepea huyu wa tatu kwa ncha ya khanga.

"Nesi, dirisha langu lini?"

"Kesho, mama."

Mwenyekiti wa kijiji akaja na habari kwamba kuna mgeni rasmi kutoka wilayani, kwa hiyo tuanze na madirisha ya zahanati yanayotazama barabara. Nikaanza na hayo. Kesho yake asubuhi nilikuwa namwogesha yule mtoto. Niliporudi kwenye kabati nilimouweka, mpira uliobaki haukuwepo. Nikauliza. Mhudumu mmoja akanielekeza barabarani kwa kidevu. Nikatoka nje, nikauona.

Watu wa mapokezi walikuwa wameukata vipande vipande, wakafungia makuti ya lango la mgeni. Kijiji kizima kina ukindu, magome ya miti yamejaa porini, nchi inalima mkonge, na wao wakafunga makuti kwa mpira wa dirisha la wazazi! Eti mweusi, unang'aa, unapendeza.

Sikumwamkia mtu. Nilichukua wembe wa kukatia wavu, nikaanza kufungua fundo moja baada ya jingine. Akinamama wa kwaya wakaacha kuimba. Vumbi la gari la mgeni lilikuwa limeshaonekana kwenye kona.

"Ndugu Mkunga, unatuaibisha!" mwenyekiti akanifokea.

"Na tuaibike, Mwenyekiti."

Lango likalala upande mmoja, kisha likaanguka lote. Mgeni alipita pembeni akikanyaga makuti, akapiga makofi, akahutubia. Nilimsikia akisifu madirisha yetu. Mimi nilikuwa wodini na mpini wa kijiko, nasukuma vile vipande mfereji mzima, kimoja kikianzia pale kingine kilipoishia. Havikutosha, kwani vingi vilikuwa vimekatikia kwenye mafundo. Kona ya mwisho niliijaza kwa pindo la khanga ambalo yule mama alilichana mwenyewe, akalisokota, akanipa.

Hotuba ilipokwisha mwenyekiti akaingia, uso umemvimba.

"Umeniangusha mbele ya mgeni. Wewe ni mtumishi wa namna gani?"

Nilifungua mdomo nimjibu, na ningemjibu vibaya. Yule mama akaniwahi kutoka kitandani, kwa sauti ya chini kwa kuwa mtoto alikuwa amesinzia.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba."

"Wale wanangu wawili, ulikuja kuwazika. Ulishika jeneza la wa pili. Huyu naomba umwache alale."

Mwenyekiti akatazama dirisha, akatazama kona ile yenye khanga. Akarudi kinyumenyume, akauvuta mlango taratibu asimwamshe mtoto. Mlango huo nao ulikuwa na fremu yake ya wavu, imeegemezwa ukutani, tupu. Mpira wake ulikuwa umekatwa pamoja na ule wa dirisha, na jua lilipoanza kuzama mbu wakaanza kuingia kwa chini yake.