Salamu Kwenye Kona ya Mianzi

Mwaka 1953, mzungu wa mashamba ya miti ya miwati alirudi kwao na mkewe. Lameki, aliyewapikia kwa miaka kumi na mmoja, aliwasindikiza mpaka Makambako, akarejea Njombe amepakata mbwa.

"Mama mzungu kaniachia," alimwambia mkewe Dorika. "Kasema tusimfokee. Akifokewa, hali."

Mbwa mwenyewe aliitwa Tofi. Alikuwa wa aina ile ndogo ya kizungu, miguu mifupi, masharubu ya mzee wa baraza, na ujeuri usiolingana na kimo chake. Siku ya pili tu alimkimbiza fahali wa jirani hadi mtoni. Kwao Dorika, Lupembe, mbwa walilinda mahindi na walilala nje. Huyu alilala kando ya mafiga, pale pale Dorika alipoweka kigoda chake tangu aolewe.

Hilo angelivumilia. Lililomshinda ni salamu.

Kwa miaka kumi na minane Lameki alikuwa akirudi kutoka kazini, anasimama mlangoni, anavua kofia na kusema, "Kamwene, Mama Enoki." Hakuwa mtu wa maneno mengi. Dorika aliingojea salamu hiyo kutwa nzima. Sasa alipikia misheni, na jioni Tofi alisikia hatua zake toka mbali, akachomoka mbio hadi kwenye kona ya mianzi, na Dorika, mwiko mkononi, akasikia mumewe akibembeleza huko: "Kamwene, mzee wangu! Umeshindaje? Umekula?" Mlangoni ilifika salamu iliyokwisha kupoa.

"Mke mwenzako hajambo?" Fidelia, jirani yake, alimtania kisimani.

"Sisi Walutheri hatuna wake wenza."

"Ndiyo maana nashangaa mchungaji hajamtenga Lameki!"

Wanawake walicheka. Dorika alicheka nao, akarudi nyumbani maji yakimwagika njia nzima.

Alhamisi moja alasiri alimfunga Tofi kwenye mguu wa ghala, akanawa uso, akajifunga kitambaa cha Jumapili, akaenda kusimama yeye kwenye kona ya mianzi.

Kwa wivu alisahau jambo ambalo hata mtoto wa pale alilijua. Saa ya kupika, mke haachi moto kwenda kumpokea mumewe njiani, isipokuwa pana msiba, ili mtu aambiwe kabla hajasikia kilio.

Lameki alipomwona alisimama ghafla. Kofia ilimtoka kichwani na kapu likaanguka.

"Nani?" aliuliza.

"Nani nini?"

"Niambie tu, mke wangu. Ni mama yangu?"

"Mama yuko shambani anapalilia."

"Enoki? Wameleta habari za mwanetu toka Makambako?"

"Enoki mzima."

"Basi ni Tofi."

Dorika alihisi joto likimpanda mpaka masikioni. Neno "ndiyo" lilimfika kwenye ncha ya ulimi, akalirudisha kwa shida.

"Hakuna aliyekufa! Nimekuja kusalimiwa."

"Kusalimiwa?"

"Mbwa anasalimiwa hapa. Mimi mlangoni napata makombo."

Lameki aliiokota kofia yake mavumbini, akaikung'uta, akaishika kifuani kama aingiavyo kanisani.

"Kamwene, Mama Enoki," alisema taratibu. "Umeshindaje? Umekula?"

"Sijala."

Kutoka ghalani Tofi alianza kulia kama anayechinjwa. Lameki aligeuza shingo, na Dorika akaona mguu wake umekwisha kunyanyuka.

"Umalize kwanza," alimwambia. "Umeniuliza mawili tu."

Lameki aliushusha mguu. Akauliza habari za mgongo wake, za kuni, za maharage, na Dorika akajibu moja moja, bila haraka yoyote.

Toka siku hiyo alikwenda kwenye kona kila jioni, hata majirani wakazoea na kuacha kuuliza nani kafa. Tofi naye alikwenda, lakini kwa kamba. Dorika aliizungusha mara mbili kwenye kiganja, akaiacha fupi, na hakuilegeza mpaka salamu yake ilipokwisha.