Saa ya Gari la Baba

Ulikuwa ule mwaka wa muhogo. Mchele ulikatika, meli hazikuuleta kwa ajili ya vita vya Wazungu, basi Unguja nzima tukala muhogo: asubuhi wa kuchemsha, mchana wa nazi na papa, jioni bada, ugali wa unga wake. Nnakumbuka harusi moja hapo kwetu Malindi, watu wamevaa majoho, ubani na udi unafuka, sinia ikaja, kawa ikafunuliwa: muhogo. Mzee mmoja akasema, "Bismillahi, tumekutana tena." Watu walicheka mpaka machozi. Mie tangu mwaka ule muhogo siutii mdomoni, na sababu yake ntakwambia, sahibu yangu, ila ukae kitako.

Aliyenikumbusha haya ni mjukuu wangu. Ana pikapu kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba, lakini ukimsikia anavyoisifu utadhani kaoa. Juzi nkamtuma anitolee shuka kashani, akatoka na mduara wa shaba uliozongwa kitambaa.

"Bibi, saa gani hii? Mbona ina mshale mmoja?"

"Si saa ya wakati hiyo. Inaonyesha injini inavyozunguka, pole pole au mbio."

Macho yakamtoka. Kumbe ndiyo anayoitafuta mji mzima. Pikapu yake imetoka kiwandani haina, naye anataka kuitia kwenye dashibodi, pembeni ya saa ya mwendo, ili ajue lini abadilishe gea. "Nipe, Bibi. Huku inakula kutu bure."

Nkamwambia, "Saa hii haitoki nyumba hii na mie ningali hai."

Akacheka. Alidhani namtania.

Baba yangu alikuwa dereva zama ambazo madereva wa mji huu ungeweza kuwakusanya kwenye mkeka mmoja. Gari halikuwa lake. Lilikuwa la bwana mmoja Mwarabu mwenye mashamba ya karafuu, lililoletwa kwa kutembelea yeye na wageni wake. Lilipochoka, bwana akaita seremala, akalikata viti vya nyuma na kulipiga mbao, likawa la kubeba nazi na magunia. Mbele kiti, nyuma mbao, kama hizi pikapu zenu za leo. Sisi tukiliita motokari. Lilikuwa na harufu yake: mafuta, ngozi iliyolowa, na nazi kavu. Mpaka leo nikinusa mbata moyo hunipiga.

Kabla ya gari, baba alikuwa bandarini akigonga kutu ndani ya matangi ya meli. Mtu huingia ndani ya chuma na nyundo, na kila pigo humrudia kichwani. Masikio yake yaliharibikia humo, kidogo kidogo, bila ya mtu kujua. Mimi ndiye niliyejua, na nilijua Ramadhani.

Mama yangu alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo jioni tulikuwa tukikaa watu watatu kwenye mkeka: baba, bibi yangu mzaa baba, na mie. Uji wa mtama, tende kisahanini, tunasubiri mzinga wa kufuturu. Siku moja mzinga ukalia, madirisha yakatetemeka, bibi akapiga bismillahi. Mie nilikuwa nacheza na paka, sikutia mkono sahanini. Na baba hakutia. Amekaa na njaa yake, ananitazama mkono. Nilipochukua tende, naye akachukua. Kesho yake nkamjaribu, nkachelewa makusudi. Akachelewa vile vile.

Tulipokuwa peke yetu nkamwonyesha masikio, nkamwuliza kwa mkono. Akainama, akaniambia, "Hilo letu mie nawe. Bibi yako akijua atalia mpaka mtaa ujue, na mtaa ukijua, bwana atajua. Dereva kiziwi nani atampa gari? Ntarudi kwenye matangi." Alivyolitamka hilo neno matangi, kama mtu anataja kaburi lake.

Basi nkawa masikio yake. Alimwambia bibi ananichukua nikashike magunia yasianguke, uongo mtupu. Nilikaa kitini ubavuni mwake, mkono wangu juu ya paja lake. Zama zile gari hilo halikuwa na kitu cha kukwambia hali ya injini. Dereva alisikiliza tu. Baba alinifundisha sauti zake alizozikumbuka tangu alipokuwa akisikia. Gari likielemewa mlimani huguna kama ngamia wa kinu cha mafuta: hapo nampiga paja, atie gea ya chini. Likiimba, tulia. Likipiga mayowe, nampiga mara mbili, apandishe. Kengele ya gari moshi la Bububu ikilia namfinya, tena kwa kucha, asimame.

Na salamu, ee! Unguja hii mtu hapiti bila ya salamu. Watu barabarani wakipaza sauti, "Shikamoo dereva!" mie namgusa kiwiko, naye ananyanyua mkono, "Marahaba!" Mara nyingine akichelewa nilikuwa naitikia mwenyewe. Wanawake wa mtoni walikuwa wakivunjika mbavu: "Hebu mtazameni, kitoto kinapokea shikamoo za wazee!" Lakini siku ambazo mie sikuwamo garini, nilisikia maneno mengine vibarazani. "Yule kapanda motokari kasahau salamu. Ndio alivyo mtu akipata." Nilikuwa nameza mate na kupita.

Kisha nkavunja ungo.

Wewe wa leo hujui ilivyokuwa. Mtoto wa kike akishavunja ungo, jua analiona kupitia nafasi za dirisha. Asubuhi baba alikuja ukumbini kama kawaida, akasema, "Twende, mwanangu." Bibi alikuwa anapepeta mtama. Hakunyanyua hata uso.

"Aende wapi?"

"Kushika magunia, mama. Siku moja moja tu," akajibu kwa kukisia.

"Hamali wamekwisha mjini? Mtoto huyu hatoki nyumba hii na mie ningali hai."

Baba hakusikia, akanitazama mie nimwelezee. Nkatikisa kichwa. Akafahamu. Akateremka ngazi peke yake, na mie nikamshika bibi magoti, nkamwambia siri yote: "Bibi, baba hasikii! Masikio yake yamekufa!"

Bibi akaangua kicheko. "Hasikii? Mwanangu yule hanisikii tangu nilipomzaa! Kaa kitako, acha hila za kutaka kuzurura." Nkalia, nkaapa. Akanipa ungo nipepete.

Baba aliona hatari yake, wala hakuwa mjinga. Bandarini palikuwa na mashua ya mashine inavunjwa kuuzwa vyuma, akaipata humo saa hii ya shaba. Akenda kwa fundi wa saa, Mhindi wa mtaa wa nyuma, wakasaidiana. Nilikuwa nikiwatazama kutoka dirishani juu, gari limesimama chini yetu. Walitoboa ubao wa mbele ya usukani kwa msumeno mwembamba, wakaipachika saa ikakaa barabara, kisha wakapitisha mrija wenye waya uliosokotwa mpaka kwenye injini. Injini ikizunguka, waya unazunguka, mshale unapanda. Fundi alifurahi kama kazaliwa upya. Lakini saa ile ilikuwa na namba za Kizungu, za injini nyengine, za baharini. Mshale ukisema huku au kule, baba atajuaje kama gari linaguna au linaimba?

Akanyanyua uso dirishani. Alishika sikio lake, akaninyooshea kidole mie.

Nkaelewa. Nkachukua kanga nyekundu na mtandio mweupe. Baba akawasha, akawa anaongeza moto kidogo kidogo, gari limesimama. Nkafumba macho nisikilize. Lilipoacha kuguna likaanza kuimba, nkaning'iniza kanga nyekundu dirishani. Fundi akatia mstari mwekundu juu ya kioo, pale pale mshale ulipo. Likaendelea kuimba, likaimba, lilipoanza mayowe nkaning'iniza mtandio. Mstari mweupe. Bibi nyuma yangu ananiuliza, "Nguo gani hizo unaanika, kavu?"

"Zinanuka moshi, bibi."

Chini, baba alipiga usukani kwa kiganja, anacheka, kichwa nyuma. Sijapata kumwona anacheka vile tena.

Ikawa kila jioni akirudi ananiambia, "Leo mshale haukutoka ndani ya mistari yako." Mistari yako, alisema. Gari lilikwenda vizuri kuliko zamani. Hata bwana alimsifu. Na mie nilikaa nyuma ya dirisha nadhani bado niko naye kitini.

Lakini saa ya injini inasema ya injini tu. Haisemi nani anakuamkia. Haisemi kengele.

Siku moja alikuwa anatoka shamba na muhogo, gari limejaa pomoni, mji mzima unausubiri. Pale reli ilipokatiza barabara ukiingia Malindi pana kilima kidogo, na gari lenye mzigo lazima lielemewe hapo. Macho yake yalikuwa kwenye mshale, auzuie usishuke chini ya ule mstari mwekundu. Gari moshi lilikuja linapiga kengele. Watu walipiga kelele, "Wee! Simama!" Mwanamke mmoja alivua mpaka ukaya wake wa kichwani akaupunga. Baba hakugeuka.

Walimleta nyumbani juu ya ubao wa gari lake mwenyewe.

Na unajua watu walisema nini msibani? Walisema, "Tulimwita, akajitia hasikii. Kiburi kimemuua." Nilisimama katikati ya wanawake, nkatoa sauti kama mwenda wazimu: "Alikuwa kiziwi! Baba yangu alikuwa kiziwi!" Bibi alikuwa pembeni ya jeneza. Alinitazama, akajifunika uso kwa viganja.

Ule muhogo ulitapakaa relini. Watu waliuokota, wakenda kuupika. Siwalaumu, njaa haina adabu. Lakini mie sili.

Fundi wa saa aliichomoa saa garini akaileta. Kioo kimepasuka, ufa umepita katikati ya mistari miwili, mistari yenyewe mizima. Bibi aliipakata, akaniuliza, "Hivi vyekundu na vyeupe ni vya nini?" Nkamweleza. Kanga na mtandio. Alizikumbuka. Kesho yake asubuhi aliondoa komeo la mlango, akaufungua wazi mchana kweupe, akaniambia, "Toka, mjukuu wangu. Nenda unapotaka." Nkachungulia nje. Hapakuwa na gari chini ya dirisha. Nkarudi kupepeta.

Sasa reli yenyewe imeng'olewa zamani, watoto hawajui kama ilikuwapo. Yule mwanamke wa ukaya kafa, fundi kafa, bibi yangu nlimfumba macho kwa mkono wangu. Hata sauti ya gari lile hakuna tena duniani anayeijua ila mie. Na imebaki wapi? Juu ya kioo, mistari miwili ya rangi. Hayo ndiyo masikio niliyompa baba, na hayakumtosha.

Jana mjukuu karudi, kaja na halua na bisibisi mfukoni, anafikiri mie sikuiona.

"Bibi yangu mzuri, umefikiri?"

"Nimefikiri. Masikio yako mazima?"

"Mazima, alhamdulillahi."

"Basi lisikilize gari lako. Na watu wakikuamkia, itikia."

"Naam, Bibi. Lakini saa?"

"Saa hii haitoki nyumba hii na mie ningali hai."