Hesabu ya Nuksi

Jirani yangu Bi Mwanamisi wa Mlola alikuwa na mtego wake, na mimi Yunis nilinaswa kama wengine. Anatia maharage mfukoni, mekundu na meupe, anakuuliza: "Utoe mangapi bila kuchungulia, ndipo uwe na hakika umepata mawili ya rangi moja?" Ukisema mawili, anakucheka mpaka kanga inamdondoka.

"Wewe shoga unahesabu bahati! Hesabu nuksi. La kwanza jekundu, la pili jeupe. Haya, la tatu litakimbilia wapi?"

Tangu mumewe afariki aliishi kwa hesabu hiyo: kuni, chumvi, mvua, vyote alivipangia siku mbaya. Alichokiogopa ni kimoja tu. Mwanawe wa pekee, Mbaraka, alishamwambia, "Mama, viazi vya msimu huu vikikataa, nashuka Dar." Na wanaoshuka tunawajua. Nani karudi?

Ilikuwa enzi ya ruksa, biashara imeachiwa huru. Ushirika ulishafunga duka la mbegu, bwana shamba haonekani, na kila mwenye lori anamwaga magunia sokoni, huyo anaondoka. Bi Mwanamisi akanunua gunia moja. Alijua ugonjwa wa mnyauko unavyojificha: kiazi kwa nje kizima, ukikikata na kukiminya kinatoa utomvu mweupe. Wenzake tulikata vichache, tukaridhika, tukapanda.

"Vichache vinaniambia nini?" alinifokea. "Kibovu kinaweza kuwa cha mwisho kabisa!"

Basi akakata vyote, maana hata kipande chenye jicho huota. Alikaa uani asubuhi hadi alasiri na kisu chake, anakata, anaminya, anatazama. Gunia halijafika nusu, akakipata kibovu kimoja. Alipiga kigelegele! Akakitupa motoni, akafuta kisu kwenye kanga, akaendelea.

Viazi viliota vizuri. Halafu likaja jua, na majani yakalala, tuta hadi tuta. Sisi wengine tulipoteza mashina ya kuhesabika. Yeye, mama wee, karibu shamba zima.

Mbaraka alikwenda Lushoto mwenyewe kumleta bwana shamba. Huyo bwana akatazama, akauliza taratibu, "Mama, ulivikata kwa kisu kimoja?"

"Kimoja."

"Hukukipitisha motoni?"

Bi Mwanamisi akashika pindo la kanga yake. Bwana shamba akaeleza kwamba kile kiazi kimoja kiliacha ugonjwa kwenye kisu, na kisu kikaugawa kwa vyote vilivyofuata. Sasa umeingia hata kwenye udongo. Nilitamani kumtukana. Siku zote alikuwa wapi? Lakini alisema kweli.

Mbaraka alishuka wiki ileile. Mama yake alimfungia ndizi za kuchemsha, akamsindikiza hadi barabarani, hakulia. Alipofika nyumbani akakaa chini mlangoni.

"Yunis," akaniambia, "nilihesabu kila kiazi. Mkono wangu sikuuhesabu."

Mbaraka hajarudi, na mama yake mpaka leo mchicha anaukata kwa vidole.