Mwali Nje ya Dirisha

Nilifika Sydney na begi moja. Nikarudi Tanga na diploma ya kuhudumia wazee, kiwanja na nyumba juu yake, na sikubebwa na mtu. Nasema hivyo ili ijulikane kwamba aliyemhudumia bibi nitakayemsimulia hakuwa mbahatishaji.

Mwaka wa pili wa korona, sisi wa magharibi ya jiji tulifungiwa kuliko wengine. Mitaa yetu ya Fairfield ilikuwa kimya, polisi wakiuliza kila mtu anakwenda wapi. Mimi nilikuwa na kibali. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha na kumlisha bibi wa Kizungu aliyeishi peke yake jirani na Cabramatta, mapafu yake yamechoka kabisa. Siku ya kwanza aliniambia waziwazi kuwa yeye ni mchawi, wa dini yao iitwayo Wicca.

Nilipomsimulia Mkenya niliyekuwa nikiishi naye, aliacha kijiko hewani.

"Wee dada, unaosha mchawi mgongo? Na akikuroga?"

"Mtu wa Tanga arogwe na Mzungu? Itakuwa aibu ya mkoa mzima."

Tukacheka. Mwaka ule hatukucheka sana.

Bibi hakuroga mtu. Alinieleza kwamba njia yao ilijulikana Uingereza baada ya vita kuu ya pili, kupitia mzee mmoja mstaafu wa forodha, aliyedai kupokelewa na kundi la kale.

"Labda nusu aliitunga," alisema. "Lakini mikono haikutungwa."

Maana yake, kwao mtu hajiingizi mwenyewe. Mwanamume hupokelewa na mwanamke, na mwanamke na mwanamume, ndani ya duara. Mwingizwaji hufumbwa macho, hufungwa kamba, hupimwa mwili kwa uzi, kisha huapa. Aliyempokea naye alipokelewa na mwingine, hivyo hivyo kurudi nyuma. Nilimwelewa upesi kwa sababu nami nilichezwa unyago.

Wenzake wote walikuwa wamekufa. Alibaki na mwanafunzi mmoja, fundi bomba wa makamo, aliyesubiri zaidi ya mwaka. Walikuwa wamekwisha kupanga siku, jiji likafungwa. Bibi alijua hatauona mwaka mwingine, na akifa kabla ya kumpokea yule fundi, basi, njia yake ingekatika hapo.

Mimi, mtu wa kutatua mambo, nikamwekea tableti mbele yake ili wafanye kwa video. Akaigeuza kifudifudi.

"Wewe ungekubali kungwi wako awe ndani ya kioo?"

Nikaitoa.

Fundi alikuja siku moja, akasimama nje ya dirisha na barakoa yake. Bibi akaweka kiganja kwenye kioo, naye akaweka chake upande wa pili. Wakakaa hivyo mpaka bibi akaanza kukohoa.

"Mfungulie, mwanangu," aliniambia.

Sikufungua. Hata leo nisingefungua. Mapafu yale yasingestahimili hata mafua. Yule mwanamume alinitazama mimi, si bibi, kisha akaondoka.

Haukupita muda bibi akafa, wala haikuwa korona. Yalikuwa mapafu yake yale yale. Nilimlinda na ugonjwa ambao haukuja.

Fundi akanipigia simu. Alijua bibi aliweweseka siku za mwisho.

"Alisema maneno ya kupokelea? Wewe ulikuwepo. Niambie maneno tu."

Alikuwa ameyasema, mengi, na nilikuwa ninayakumbuka.

"Kaka, mimi sikupokelewa," nikamwambia. "Nikikupa, nitakuwa nimekupa sauti tu. Hilo unalijua kuliko mimi."

Nilimsikia akipumua, nikasikia na gari likipita kwake.

"Kwa hiyo imekatika," alisema.

"Imekatika."

"Hakuna mwingine popote?"

"Kwa mkono wake, hakuna."

Hakuniaga, wala hakukata simu. Nilisubiri kidogo na simu sikioni, nikidhani labda atauliza kitu ambacho naweza kukijibu.