Fundi Ko na pikipiki zisizo na jina la mwenyewe

Saa mbili asubuhi, Ko Hsiu-chin amepiga magoti kwenye sakafu ya karakana yake, nyuma ya stesheni ya treni ya mji wa Chiayi, tochi ikiwa mdomoni. Anasugua ubavu wa injini kwa kitambaa kilicholoweshwa petroli mpaka namba zinajitokeza.

"Nisomee kadi," anasema bila kugeuka. "Polepole."

Ximena Quiroga, mwalimu wa muziki kutoka Bolivia, anasoma namba mojamoja kwa Kichina chake cha kusitasita. Wanafika tarakimu ya sita.

"Saba."

"Rudia."

"Saba, Shangazi."

"Hapa ni moja." Ko anasimama, anajipangusa magoti. "Mwanangu, kadi hii si ya injini hii."

Muuzaji, kijana aliyevaa kandambili, anacheka kidogo. "Injini ilibadilishwa tu, Shangazi. Jambo dogo. Tuandikiane hapa kwa mkono, ofisini ataenda akipata nafasi."

"Akipata nafasi au akipata ajali? Panda chuma chako uende. Na wazazi wako uwasalimie."

Kijana anaondoka akinung'unika. Ximena anabaki ameshika bahasha yake ya pesa, machozi yakimlengalenga. Shule anayofundisha iko mlimani, basi la kwenda huko ni moja tu kwa siku, na hiyo ilikuwa pikipiki ya tatu Ko kuikataa.

Ko ana umri wa miaka hamsini na minane. Ufundi alifundishwa na baba yake, na karakana ni ya kwake kwa miaka thelathini na minne sasa. Wageni wanaotaka pikipiki zilizotumika huelekezana kwake. Anawakagulia chombo, kisha anawasindikiza ofisi ya usajili kwa dola mia sita za huko, bei ya sahani chache za wali wa bata mzinga. Wengine hulipa kwa biskuti za kwao.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Miaka kumi na mmoja iliyopita, mteja wake mmoja kutoka Nepali alisimamishwa barabarani. Pikipiki ilikuwa bado na jina la mtu aliyekwishahama nchi, na bima ilishakwisha. Ikachukuliwa, na hakukuwa na njia ya kuirudisha.

"Nilimtengenezea pikipiki ile mwaka mzima," Ko anasema. "Nilibadilisha breki, nikabadilisha mkanda, nikasifiwa. Sikumuuliza hata siku moja, 'Kadi ina jina la nani?' Alikaa hapo ulipokaa wewe, mwandishi, akalia. Nami nilikuwa najua utaratibu wote."

Tangu hapo anarudia maneno yaleyale kwa kila mgeni. "Soma namba ya injini na ya chesisi, usisome uso wa muuzaji. Waulize ofisini kama kuna faini au kodi ya nyuma, maana isipolipwa hawabadilishi jina. Pikipiki kuukuu ikapimwe moshi kwanza. Beba kibali chako cha ukaazi na leseni inayokubalika hapa. Bima iwe kwa jina lako. Na jina libadilishwe siku hiyohiyo ya kulipa. Ukiambiwa kesho, nawe lipa kesho."

Asubuhi ile ya kadi isiyolingana, baada ya kumpa Ximena chai, Ko alikumbuka pikipiki moja iliyofunikwa shuka mtaa wa pili. Ilikuwa ya mzee aitwaye Tu, muuza wali, aliyefariki mwaka jana. Mjane wake, Bibi Wei Yueh-e, alikuwa radhi kuiuza. Namba zililingana na injini ilikuwa safi. Kikwazo kilikuwa kimoja: mali ya marehemu haihamishwi bila warithi wote kuridhia, na mtoto wao wa pekee, Chih-heng, hakuwa akizungumza na nyumbani.

Alikuwa amekorofishana na baba yake miaka sita nyuma alipokataa kurithi kibanda cha wali, akaenda kufanya kazi bandarini Keelung. Mazishini alikuja, akaondoka kabla ya chakula.

"Mwache," Bibi Wei alimwambia Ko. "Nisije nikamsumbua kwa ajili ya chuma."

Ko mwenyewe alimpigia Chih-heng simu.

"Mimi fundi wa baba yako. Sikukupigia kukusuta. Nataka mhuri wako wa jina, ule wa kutia sahihi, ili pikipiki yake iuzwe."

Chih-heng akajibu, "Nitautuma kwa posta pamoja na karatasi ya kuridhia."

"Posta itafika. Ila mama yako hakai akingoja posta."

"Ile pikipiki bado inawaka?"

"Njoo uiwashe."

Alikuja Alhamisi. Alipiga kiki mara nne bila mafanikio, mpaka mama yake akasema kutoka mlangoni, "Vuta choki kwanza, injini ni baridi. Baba yako naye alikuwa na haraka hivyohivyo." Ya tano ikawaka. Bibi Wei aliingia ndani akarudi na kofia mbili ngumu. Moja akamvisha mwanawe kwa mikono yake, kama mtoto anayekwenda shule. Ofisini walikwenda wamepakizana, huku Ko na Ximena wakifuata kwa teksi.

Saa tano kadi mpya ilitoka na jina la Ximena. Akamwahidi Bibi Wei kuipitisha kila Jumapili ili aione.

"Usiniletee pikipiki," bibi alimjibu. "Ipeleke shuleni ikafanye kazi. Wewe njoo ule."

Chih-heng hakuondoka jioni ile. Aliondoka Jumatatu, na kwa mujibu wa Bibi Wei, alikula mara mbili kila mlo.

Ko anasimulia haya akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, sauti ikishuka. Ananyanyuka, anasogeza rundo la matairi. Nyuma yake kuna skuta ndogo ya kijani, imefutwa vumbi vizuri. Ni ya dada yake, Hsiu-man, aliyefariki kwa saratani miaka minne iliyopita. Kadi bado ina jina lake.

"Nimewapeleka wageni karibu mia nne pale kwenye dirisha la usajili," anasema. "Hii nimeshindwa. Warithi wenzangu wamesharidhia, karatasi zimekamilika. Niliona nikilifuta jina lake nitakuwa nimemzika mara ya pili. Lakini Bibi Wei alipotoka ofisini siku ile, alikuwa amemshika mwanawe mkono."

Mwezi ujao ni wakati wa kusafisha makaburi ya jamaa, kama ilivyo desturi huko. Ko atapanda makaburini na matunda na fagio, amweleze dada yake, kisha ateremke moja kwa moja hadi ofisi ya usajili. Amemwomba Ximena amsindikize.

"Nimemwambia kazi yake ni moja," anasema. "Nikianza kusema kesho, anikatalie."