Nilisema empreinte ya fichier, bakasikia ya kidole

Admin, ficha jina yangu, lakini hasira yangu usiifiche. Mi ni mama wa miaka 29, niliolewa hapa Baraka. Kazi yangu ni kutilia batu application kwenye telefone, katika kiosque ya muntu.

Application za huku zinapita mukono kwa mukono, na zingine ziko na wezi ndani. Kwa hiyo kila fichier ya application naipitisha kwanza kwenye ordinateur, ile kompyuta ya kiosque. Inatoa mustari murefu wa herufi na namba, tunauita empreinte. Muntu akigusa hata kitu kidogo ndani ya fichier, mustari wote unabadilika. Mistari ya fichier za kweli niko nayo kwenye cahier, daftari yangu, nalinganisha tu.

Sasa rafiki yangu, tumuite Espe, mukimbizi wa Burundi, mujane mwenye batoto bane, akaniletea application ya nyimbo za kanisa. Nikaangalia: mustari wake haufanane na wa cahier hata kidogo! Na mi, juu ya kujionesha mbele ya batu, nikapaza sauti: «Espe, empreinte yako ni ya uongo!»

Mulomo huponza kichwa, lakini hapa uliponza kichwa ya mwingine. Kule kambini Espe anaishi, empreinte ni kidole unatia kwenye mashini siku ya kupokea chakula. Papa mumoja mwenye alikuwa anangojea telefone yake akaenda kutangaza kama Espe si mukimbizi wa kweli. Muntu hajui hata kufungua telefone yake peke yake, ndiye anajua empreinte? Bamama ba soko bakaongeza chumvi. Kamati ya kambi ikamutoa Espe kwenye liste ya chakula.

Nilikimbia kule na cahier yangu. Président wa kamati akacheka mpaka machozi: «Fichier iko na vidole?» Nikamuambia, basi mumuite Espe, mumupime na mashini, kidole chake si anacho! Aka, eti mashini itakuja siku ingine. Batoto nabo bakule siku ingine? Halafu akanisukumia karatasi: «Andika kama ulidanganya, tutamurudisha leo.»

Sikudanganya! Ile fichier ilikuwa mubaya na hata sasa ni mubaya. Na patron wangu, mwenye kiosque, amekwisha kuniambia: «Ukisaini kama unadanganyaka, usirudie hapa. Batu banakuja juu ya neno lako.» Bwana wangu hana kazi, mi ndiye nalisha nyumba.

Jana nilimukuta Espe kwenye robinet, anateka maji. Nikamusalimia. Akatua bidon, akaniuliza polepole: «Dada, huo ukweli wako, batoto bangu batakula na nini?»

Karatasi iko hapa kwenye meza, bic pia. Bandugu, munishauri: nisaini?