Jogoo wa Ushuhuda

Nichekeni mtakavyo, bado nasema somo langu lilikuwa sawa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Pap Onditi, na kanisani wananijua kwa kutoa mafunzo kwenye mambo ya kila siku. Hata ndoo ikitoboka, mimi naona neno la Mungu.

Jumamosi pasta alituma habari kwamba angepita kwangu kula chakula cha mchana, nami sikuwa na kuku. Nikapiga magoti. Kabla sijasema amina, jogoo mnene akajiingiza jikoni, mguuni amefungwa kitambaa chekundu. Mtu mwingine angejiuliza ni alama ya nani. Mimi niliona damu ya Yesu, nikachukua kisu. Pasta alikula mpaka akalegeza mshipi.

Jumapili nikasimama kutoa ushuhuda. Nilieleza yote, hata maua madogo ya manjano kwenye kile kitambaa. Watu wakapiga makofi.

Jirani yangu, Mama Achieng', akainuka polepole. "Sista, huyo jogoo alikuwa amekatika kidole kimoja?"

"Ndiyo!" nikajibu kwa furaha, nikidhani Roho amemfunulia.

Alivua kitambaa chake cha kichwa, akakiinua kanisa lote lione. Kilikuwa chekundu, chenye maua ya manjano, kimekatwa pembe moja, na pindo lake nililishona mimi mwenyewe.

Mimi sikukaa chini.

"Haleluya!" nikapaza sauti. "Sasa tunajua Mungu alipitia kwa nani!"

Aliyejibu amina ni pasta peke yake.